Mkimbio Mmoja Baada ya Chai

Zilikuwepo nchi mbili, na nadhani bado zipo, ila msiniulize ziko kona gani ya ramani, mimi nina familia. Moja iliitwa Sifuni na ya pili Tambani. Zilipakana, na zilifanana kiasi kwamba ng'ombe walivuka mpaka asubuhi kwenda kula majani na kurudi jioni bila kujua walishinda ughaibuni. Binadamu ndio waliojua. Mtoto wa Sifuni alifundishwa tangu chekechea kwamba watu wa Tambani wanalala na viatu. Mtoto wa Tambani alifundishwa hayo hayo kuhusu watu wa Sifuni, na kitabu kilikuwa kile kile, kimebadilishwa jalada tu.

Uhasama huu ulikuwa na makao yake makuu, nayo ni kriketi. Mkoloni alipofungasha virago aliwaachia vitu vitatu: reli isiyofika popote, sheria ya kukataza kupiga miluzi posta, na uwanja wa kriketi uliokaa juu ya mpaka wenyewe, nusu huku nusu kule. Mstari wa mpaka ulipita katikati kabisa, baina ya vijiti vitatu vya upande wa Sifuni na vijiti vitatu vya upande wa Tambani.

Kwa wasioujua mchezo, hauna maajabu. Mtu anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa ubao, kisha anakimbia kutoka vijiti vya upande huu hadi vijiti vya upande ule. Akifika salama, kapata mkimbio mmoja. Mpira ukivigonga vijiti kabla hajafika, katoka. Yaliyobaki yote ni nguo nyeupe na chai.

Na balaa lenyewe, jamani, lilianzia kwenye chai.

*

Mechi ya kwanza baina ya mataifa haya mawili ilichezwa mwaka wa pili wa Uhuru. Kijana mmoja wa Sifuni, Hemedi Kirobo, umri miaka ishirini na miwili, alikuwa anapiga mpira siku hiyo kama aliyeambiwa dunia inaisha kesho. Alifikisha mikimbio tisini na tisa. Umebaki mmoja awe mtu wa kwanza katika nchi zote mbili kufikisha mia. Mrushaji wa Tambani, kijana mrefu aitwaye Lameki Chitete, alikuwa amebakiza mpira mmoja katika zamu yake. Akaupangusa kwenye suruali, akarudi nyuma kuchukua mbio. Mwamuzi, ambaye aliletwa kutoka nchi ya tatu isiyohusika, akatazama saa yake na kuinua mkono.

"Chai!" akasema.

Wachezaji wakaenda mezani. Meza iliwekwa kandokando ya uwanja, nayo nusu huku nusu kule, watu wa Sifuni wameelekeana na watu wa Tambani. Ikaletwa chai ya tangawizi, maandazi na vitumbua. Wakanywa, wakala, wakashiba. Ikawa muda wa kuinuka, na hakuna aliyeinuka.

Mnajua adabu za mezani. Mwenyeji hainuki mgeni akiwa bado amekaa. Ni kumfukuza huko. Mgeni ndiye anayetangulia kushiba, anashukuru, anainuka, na mwenyeji anafuata. Haya, kwenye uwanja wa nusu kwa nusu, mwenyeji ni nani? Nahodha wa Sifuni akasema, "Msiwe na haraka, ndugu zetu, jisikieni nyumbani." Nahodha wa Tambani akatabasamu kwa hasira. "Tunajisikia, maana ni nyumbani. Ninyi ndio mjisikie." "Hapana, ninyi." "Ongezeni chai, wageni wetu." "Wageni ni akina nani?" Atakayeinuka kwanza amekubali kuwa ni mgeni, na akikubali kuwa mgeni ametoa uwanja, na akitoa uwanja ametoa nchi. Nani atoe nchi kwa ajili ya kitumbua?

Wakaendelea kukaa. Walikaa miaka thelathini na moja.

Msidhani walilala pale, hawakuwa wajinga. Jioni mwamuzi alitangaza giza, taa zikazimwa kwa dakika tano, na kila mtu akanyata kwenda kwake. Kwa kuwa hakuna aliyeonekana akiinuka, kisheria hakuna aliyeinuka. Alfajiri, kabla hapajapambazuka, walirudi vilevile kwa kunyata, na jua liliwakuta wote wamekaa, vikombe mkononi, wamekunja sura.

Serikali zote mbili zilitambua uzito wa jambo. Sifuni iliunda Wizara ya Mapumziko ya Chai. Tambani ikajibu kwa kuunda Wizara ya Mapumziko ya Chai na Vitafunwa. Magazeti yaliripoti kila siku kwenye ukurasa wa nyuma: "Vijana Wetu Wanywa kwa Ari", "Adui Apuliza Chai, Dalili ya Woga". Redioni mtangazaji alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Ananyanyua kikombe! Anakipeleka! Anakipelekaaa! Amekunywa! Amekunywa, wananchi!" Watu wakaruka makochi majumbani kwao wakakumbatiana. Wachezaji walizeeka, wakastaafu, wakaletwa wengine wa kukalia viti vyao, na kuna waliopata medali za heshima bila kuugusa mpira hata kwa kidole. Mwamuzi naye aliyesahauliwa na nchi yake alioa pale pale mpakani, akajenga, akawa hasemi neno jingine lolote kazini ila "Chai" na "Giza".

*

Katika wale wa mwanzo walibaki wawili tu, Hemedi na Lameki. Hao hawakuweza kubadilishwa. Kanuni zilisema mpigaji anayeukabili mpira na mrushaji mwenye zamu hawatolewi mpaka zamu imalizike. Kanuni hizo hizo zilisema mpigaji asivue vikinga vya miguuni, yale matandiko meupe ya kutoka kifundo hadi juu ya goti, maana akivua amejitoa.

Hemedi alioa navyo. Picha ya harusi ipo: kanzu, kofia, koti, na chini vikinga viwili vinachungulia. Bi harusi, Tunu, mpiga tarumbeta wa bendi ya kina mama, alicheka mpaka wanja ukamshuka, akamwambia, "Mume wangu, nimekuona mzima, nimekuchukua mzima, na hivyo vigodoro vyako." Alidhani ni mambo ya wiki mbili. Miaka ikaenda. Alijifunza kulala kwenye ukingo wa kitanda, na kila Ijumaa alivifuta kwa kitambaa chenye maji bila kusema kitu.

Lakini kilichomuumiza Hemedi hakikuwa vikinga. Ilikuwa ile tisini na tisa. Alipopita sokoni waliita, "Tisini na Tisa, shikamoo!" Kwenye msiba walimtambulisha, "Na huyu ni mzee wetu Tisini na Tisa." Shule ilipewa jina hilo, kivuko kikapewa, na sabuni moja ya kufulia pia. Watu walimpenda, hilo hakulikana. Ila alipokuwa peke yake Hemedi alijiuliza kwa uchungu wa kweli kabisa: hivi mtu anazaliwa, anakua, anazeeka, halafu anakufa akiwa kasoro moja?

Aliyemwelewa alikuwa mmoja tu, na alikuwa adui.

Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne, Hemedi na Lameki walitakiwa kukodoleana macho ya chuki kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, kila siku ya kazi. Walifanya hivyo kwa uaminifu. Na wakati wakikodoleana, walinong'ona bila kutikisa midomo.

"Goti linasemaje, kaka?" Lameki aliuliza, macho mekundu ya chuki.

"Linakataa. Asubuhi nimeshuka kitandani kwa kujiviringisha."

"Paka mafuta ya karafuu."

"Nimepaka. Nanuka kama pilau. Na bega lako?"

"Bado lina mpira mmoja. Nakuwekea." Lameki akakunja sura zaidi, kwa sababu mpiga picha wa serikali alikuwa anapita. "Nitakurushia polepole, si kwa kukuhurumia, usijidanganye. Siwezi haraka tena."

*

Ikaja barua. Ilitoka kwa Waziri wa Mapumziko ya Chai, Mheshimiwa Profesa Balozi Kanali Evaristi Pambamoto, na ilikuwa na mihuri saba. Ilisema jopo la madaktari wa wizara limelitazama goti la Ndugu Kirobo likiwa limekaa na limeridhika kwamba halitakimbia. Kwa hiyo Ijumaa ijayo atastaafishwa kwa heshima zote, sanamu lake litazinduliwa uwanjani, na hesabu yake itafungwa milele katika tisini na tisa.

Hemedi aliisoma mara tatu. Taa zilipozimwa jioni hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Waziri, ambaye alikuwa bado ofisini anachagua tai ya Ijumaa.

"Karibu shujaa, kaa," alisema Waziri.

"Nimekaa miaka thelathini na moja, Mheshimiwa. Nimekuja kuomba kusimama. Mpira mmoja tu. Nikitolewa, nimetolewa."

Waziri Pambamoto akaweka tai chini. Alikuwa mtu mwenye sauti nzito, hata alipoagiza maji ya kunywa ungedhani anatangaza vita.

"Ndugu Kirobo, hebu tafakari. Ukipata mia, kisha nini? Mia ni mwisho. Mtu wa mia anakwenda nyumbani, analala. Lakini tisini na tisa! Tisini na tisa ni matumaini! Mwananchi hana maji, anasema, 'Hata Kirobo bado mmoja.' Barabara haijafika, anasema, 'Hata Kirobo bado mmoja.' Wewe unajua bajeti ya maendeleo ya nchi hii inasimama juu ya nini? Inasimama juu ya huo mmoja wako ambao haujaja!"

"Na mimi je, Mheshimiwa?"

"Wewe tunakutengenezea sanamu," alisema Waziri, akashangaa kuona haitoshi.

Hemedi akarudi nyumbani akiburuta mguu. Tunu alimsikiliza mpaka mwisho, akampelekea maji ya moto ya kukanda goti, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akaona machozi ya mumewe. Hilo lilimkera sana Tunu. Hakuwa mwanamke wa kukerwa akanyamaza.

*

Kesho yake, katikati ya macho ya chuki, Lameki alikuwa anachovya andazi na kuimba wimbo puani. Hemedi akaacha kukodoa.

"Usinitanie leo, Lameki. Unauimba wimbo wetu wa taifa?"

"Wenu wapi? Huu ni wetu."

"Wenu? 'Sifuni tukufu, juu ya vilima'?"

"Acha mchezo. 'Tambani tukufu, juu ya vilima'."

Wakakodoleana kweli sasa, kwa mara ya kwanza bila kuigiza. Lameki akauimba puani mstari wa pili. Hemedi akamalizia. Kumbe, mabibi na mabwana! Wakati wa Uhuru kuna mpiga kinanda mmoja alipita na meli, akawatungia Sifuni wimbo asubuhi, mchana akala wali, jioni akawatungia Tambani wimbo ule ule. Na kwa kuwa hakuna mtu wa nchi moja aliyekubali hata siku moja kukaa kuusikiliza wimbo wa nchi nyingine, hakuna aliyejua. Uwanjani hazikupigwa nyimbo kamwe, maana nchi zilishindwa kukubaliana upigwe upi kwanza.

Wale wazee wawili walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Kucheka kulikatazwa na Kanuni ya Kumi na Tano, kwa hiyo wakajifanya wanakohoa, na madaktari wa mataifa mawili wakaja mbio kuwapiga migongo.

"Wimbo wa taifa ukipigwa," Hemedi alinong'ona akipangusa macho, "watu wanafanyaje?"

"Wanasimama," alisema Lameki.

"Wote?"

"Kwa pamoja. Asiyesimama anafungwa."

Lameki akaweka andazi chini. Kisha Hemedi akasema, "Mke wangu anapiga tarumbeta."

*

Ijumaa uwanja ulifurika pande zote mbili. Watu wa Sifuni walikuja kushuhudia sanamu, na watu wa Tambani walikuja kulizomea. Bendi ya kina mama ilialikwa na wizara kupiga nyimbo za kuliwaza. Waziri Pambamoto alishika kipaza sauti, akakohoa kwa mamlaka, akaanza: "Wananchi! Katika historia ya kukaa—"

Tunu akajaza mashavu hewa.

Noti ya kwanza ilipasua alasiri. Noti ya pili, watu elfu nne wa Sifuni walikuwa wima, mkono kifuani. Noti hiyo hiyo ya pili, watu elfu nne wa Tambani walikuwa wima, mkono kifuani. Waziri aliganda, kipaza sauti mdomoni, kwa sababu sheria aliyoitunga mwenyewe ilisema anayesema neno wimbo ukipigwa afungwe miaka miwili. Na mezani, wachezaji ishirini na wawili wakanyanyuka kama mtu mmoja. Hakuna aliyetangulia. Vikombe vikagongana, vitumbua vikabiringika, na mwamuzi wa nchi ya tatu akatazama ile meza ambayo alikuwa hajawahi kuiona bila watu mchana.

Tunu akapiga beti zote sita. Alipomaliza, pande zote mbili zililipuka kwa vigelegele. "Wameusimamia wimbo wetu!" walipiga kelele watu wa Sifuni. "Wameusimamia wimbo wetu!" walipiga kelele watu wa Tambani. Watu wazima walilia. Katika zogo hilo mwamuzi alipata neno lililompotea miaka thelathini na moja.

"Mchezo!" akasema. Kisha kwa sauti kubwa: "Mchezooo!"

Mchezo ukishaitwa, hata Waziri haruhusiwi kuingia uwanjani. Hemedi alikuwa ameshafika kwenye vijiti vyake, ubao mkononi. Lameki alikuwa upande wa pili, anaupangusa mpira kwenye suruali. Kwa mbali waliangaliana, na kwa kuwa ilishapita saa sita, hawakulazimika kuchukiana.

Lameki akakimbia, tuseme akatembea kwa haraka, akarusha. Mpira ulikuja bila papara, ukadunda mara moja, na Hemedi akaugonga ukaingia pembeni, upande wa Sifuni, ndani ya majani. Pigo halikuwa la kusifiwa. Lakini lilitosha mkimbio mmoja, na Hemedi akaanza kukimbia.

Alikimbia hatua nane akagonga dirisha.

*

Nilisahau kuwaambia, na mnisamehe, kwamba mwaka wa tisa wa chai serikali hizo mbili zilijenga kituo cha mpaka pale katikati, baina ya vijiti na vijiti, kifupi cha mpira kupita juu yake. Nani angejali? Hakuna aliyekuwa anakimbia. Kulikuwa na dirisha la kutokea Sifuni, na hatua mbili mbele dirisha la kuingilia Tambani. Dirisha la Sifuni lilikuwa na Afisa Zakayo Ndimbo, mtu makini aliyekaa pale miaka ishirini na miwili bila kumpata msafiri hata mmoja, na kila asubuhi alipiga pasi shati lake akisema huenda ikawa leo.

"Habari za mchana," alisema Afisa Zakayo, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Pasipoti."

Hemedi, akihema, akaitoa kifuani. Kila mchezaji alipewa.

"Madhumuni ya safari?"

"Mkimbio mmoja, baba, fanya haraka!"

"Biashara, matembezi, au masomo?"

"Matembezi!"

"Muda wa kukaa huko?"

"Sijui! Muda wa kugusa chini na ubao!"

"Nitaandika siku moja." Akaandika, kwa mwandiko mzuri. "Kadi ya chanjo. Ahsante. Sasa hivyo vya miguuni vivue, vipite kwenye ukaguzi."

Hemedi akamtazama mwamuzi. Mwamuzi akatikisa mabega. Kwenye kanuni zake mtu akivuliwa na serikali hajajitoa. Hemedi akafungua mikanda. Upepo ulipompiga miguuni alipiga yowe dogo, na kule jukwaani Tunu akaketi ghafla na kufunika uso kwa tarumbeta.

Mpigaji mwenzake wa upande wa pili, maana wapigaji hukimbia wawili wakipishana, alishapita zamani kuja upande wa Sifuni. Alikuwa raia anayerudi nyumbani, tena mpwa wa Waziri, hakuulizwa kitu.

Sasa mnajiuliza, na mpira je? Mchezaji wa Tambani aliuokota kwenye majani ya Sifuni, na alichotakiwa ni kuurusha tu ugonge vijiti vya upande wa kwao kabla Hemedi hajafika. Aliinua mkono. Afisa wa forodha wa Sifuni akampulizia filimbi.

"Ulipoingia sikuuona, ila ukiurusha juu ya mpaka huo ni magendo! Ngozi, ushonaji wa mkono, unatoka nchini. Nani mwenye mzigo?"

Mpira uliandikishwa kwa jina la Lameki Chitete tangu mwaka ule. Lameki akaitwa dirishani. Nahodha wake akapiga kelele, "Saini! Saini tu, Chitete, tunamtoa!"

Lameki akaipokea fomu kwa mikono miwili. Akatoa miwani. Akaifuta. "Mimi ni raia mwema," alisema. "Siwezi kutia saini kitu nisichokisoma." Akaanza na ukurasa wa kwanza, akafuata na kidole, akisoma kwa sauti, na alipofika mwisho wa mstari alirudia kuhakikisha. Nahodha wake alikaa chini akajishika kichwa. Kwenye kipengele cha rangi ya mzigo Lameki aliwaza kwa muda mrefu. Mpira ulikuwa mwekundu. "Ulikuwa mwekundu," alimwambia afisa. "Lakini sasa, ukiutazama vizuri, ungesema mwekundu?" Afisa akautazama vizuri. Wakaanza kujadiliana.

Hemedi alikuwa ameshafika dirisha la pili. Mama wa uhamiaji wa Tambani alimwangalia, akaiangalia picha yake ya ujana, akasema, "Ulikuwa mzuri wewe," akagonga muhuri. Pa! Hemedi akakimbia hatua nane za mwisho kwa goti moja na mdundo mmoja, akaanguka kifudifudi, ubao mbele, ukagusa ndani ya mstari wa vijiti.

Mwamuzi akainua mkono. "Mia!" alisema, akaanza kulia.

*

Shangwe zilidumu muda mfupi. Waziri Pambamoto aliitazama pasipoti ya Hemedi kwa darubini, akausoma muhuri kutoka mbali, na uso wake ukabadilika rangi. Muhuri ulisema: MGENI.

Mchezaji wa Sifuni, mchana kweupe, mbele ya watu elfu nane, kaandikwa mgeni! Miaka thelathini na moja ya kukaa imekwenda na maji. Upande wa Tambani waliliona hilo hilo muda huo huo, na wakamwinua Hemedi juu mabegani, wakamvisha maua, wakaimba mia, mia, mia. Adui zake ndio waliomtangaza mtu wa mia wa kwanza katika nchi zote mbili.

"Wananchi!" ilinguruma sauti ya Waziri. "Wizara inapenda kuwajulisha kwamba hakuna mkimbio uliotokea. Hesabu ni tisini na tisa, kama ilivyokuwa, kama itakavyokuwa. Uzinduzi wa sanamu unaendelea."

Hemedi akashushwa. Akatembea pole pole mpaka dirisha la Afisa Zakayo, upande wa kurudia. Alitaka kwenda kwao.

"Karibu tena nyumbani," alisema Zakayo, lakini hakumtazama usoni. "Una kitu chochote cha kutangaza?"

"Nina mia."

Zakayo akakipitia kikaratasi alicholetewa sasa hivi, wino haujakauka. "Kwa maelekezo mapya, mia hairuhusiwi kuingia nchini. Unaweza kuiacha hapa dirishani nikuandikie, uingie na tisini na tisa. Au ubaki nayo huko." Akamwonyesha kikaratasi. "Ndivyo ilivyoandikwa, mzee wangu. Si mimi."

Hemedi akatazama kwao. Watu elfu nne waliomwita kwa jina lile sokoni na misibani, wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Moyo ulimuuma kuliko goti. Aliwaza kuiacha. Wallahi aliwaza, mtu kwao ni kwao, na alishazoea kasoro moja.

"Mimi nimeuona huo mkimbio," ilisema sauti jukwaani.

Ilikuwa sauti ya Tunu, amesimama juu ya kiti.

Waziri akatabasamu, maana alikuwa msomi. "Dada yangu, mkimbio huo haukutokea Sifuni. Kama uliuona, basi ulikuwa nje ya nchi bila kibali. Aliyeuona aende kwenye dirisha la kutokea, afuate utaratibu, aondoke."

"Haya," alisema Tunu. Akashuka, akakwapua tarumbeta yake, akasimama kwenye dirisha.

Bendi nzima ikamfuata, mama mmoja baada ya mwingine, na ngoma. Kisha muuza karanga akasema, kwa aibu kidogo, kwamba naye kama alichungulia. Kisha mwalimu wa ile shule. Kisha mtangazaji wa redio, ambaye alikiri ameuona na ameutangaza. Mistari ya viti ikaanza kutoboka, kisha kumomonyoka, watu wakisukumana, "Na mimi niliona, na mimi, nisogezee nipite," wakicheka kwa hofu na raha, mpaka foleni ikatoka uwanjani, ikapita nyuma ya sanamu, ikakata barabara, na inasemekana mkia wake ulikuwa sokoni kwa watu ambao hawakuwepo kabisa lakini walisisitiza kwamba waliona.

Afisa Zakayo aligonga mihuri kwa mikono miwili. Akagonga mpaka wino ukaisha, akateremsha pazia la dirisha, akaweka kofia yake juu ya meza.

"Ndimbo!" alifoka Waziri kutoka kwenye jukwaa tupu. "Unakwenda wapi?"

"Mwisho wa foleni, Mheshimiwa," alisema Afisa Zakayo. "Mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote."